Picha Moja na Mkwe Wangu

Jumapili, tarehe 14 Desemba. Mawingu tangu alfajiri, meusi kama tako la sufuria, upepo kidogo wa vumbi, halafu yakaenda zake upande wa Maswa bila kutuachia tone. Saa nne jua likatoka na kutuchoma mpaka jioni.

Nianze na hilo hilo la mawingu. Hawa watu wa mitandao walipotafuta jina la mahali pa kuwekea picha za watu, wakaona wapaite wingu. Sijui nani aliwashauri. Hapa Bariadi hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka kitu chake cha maana kwenye wingu. Wingu tunalijua. Linakuja, unatoa mbegu za pamba ndani, unanoa jembe, linakupita na kwenda kunyesha kwa mtu asiyelima. Labda huko kwao mawingu yanakaa. Hilo siwezi kulibishia, sijafika.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kwenye baraza ya duka moja karibu na stendi, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikisema jambo la simu nikalikosea, anayejua anisamehe. Lakini nasema ninavyoona. Zamani mteja alikuja na kitenge chake na picha aliyoikata kwenye kalenda, akaweka kidole: shingo iwe hivi, mkono uwe hivi. Sasa anashuka kwenye bodaboda, hata salamu hajamaliza, anasema, "Mama, nimekutumia linki." Nibonyeze linki. Linki inataka niingie. Nikiingia inataka paswedi. Nikiweka paswedi inaniambia niombe ruhusa ya kuona. Niombe ruhusa ya kuona kola ya gauni. Bando langu linaisha nikiwa bado nasubiri kuruhusiwa, na mteja mwenyewe amesimama mbele yangu, ana mikono, angeweza kunichorea mchangani.

Kwaya nao wana linki. Mwezi uliopita jirani alifiwa na dada yake, watu wakapewa linki ya picha za mazishi wakati bado wengine wako makaburini. Nilimwona mama mmoja analia kwa jicho moja, jingine liko kwenye simu.

Aliyetuletea mambo haya nyumbani kwetu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana kazi ya ofisini hapa mkoani, ana tumbo, ana simu mbili. Akizungumza nawe anaangalia ile simu nyingine. Mwaka huu baada ya mavuno alikusanya simu za ukoo mzima siku ya ubarikio wa mtoto wake, akazigusa moja moja, akasema amefungua albamu ya familia. Kuanzia siku hiyo kila picha iliyomo kwenye simu, na kila atakayopiga yeyote kati yetu, itakwenda yenyewe huko juu na wote tutaiona. Mume wangu, ambaye ni mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba na simu yake ni ya tochi, alimuuliza, "Mvua ikinyesha je?" Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu hakuwa anatania sana kama shemeji alivyodhani.

Niwe mkweli hapa. Mwezi wa nane simu yangu ilitumbukia chooni, na picha za marehemu mama yangu zilikuwemo. Nililia kama nimefiwa mara ya pili. Shemeji akanipa simu yake ya zamani, akagusa hapa na pale, na mama akatokea, amekaa mbele ya jiko lake, kitambaa kichwani, vilevile. Hilo nampa. Ningekuwa mtu mbaya nisipompa. Lakini yeye naye hajaacha kulidai. Kila tukionana ananikumbusha nani alimtoa mama yangu chooni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Binti yangu wa kwanza ameolewa Nyashimo, na mkwe wangu anauza mchele pale barabarani. Ni kijana wa kilimo na ng'ombe, amelelewa Mwamanyili, na adabu ya ukwe anayo kuliko wengi ninaowafahamu kanisani. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai jirani, hawaangaliani machoni, hawali chombo kimoja. Wako wenzetu walioyaacha hayo wakaona ni ushamba, sitaki kuwahukumu. Yeye hakuyaacha. Akija hapa anasimama nje ya uzio wetu wa minyaa, anachuchumaa, anasalimia akiangalia chini. Mimi najifunika khanga na kuitikia nikiangalia kuku. Tangu amwoe binti yangu sijawahi kumwona vizuri usoni, na ndivyo tunavyopendana.

Jumanne binti alijifungua mtoto wa kiume, kabla ya siku tulizotarajia. Mama yake mkwe akakimbia kutoka Mwamanyili kwenda kumsaidia, ila alisema wazi kwamba Jumatatu atarudi, maana shamba linamsubiri na mvua ikija haitamngoja. Kwa hiyo zamu ilikuwa yangu. Nani amwogeshe mtoto, nani amkande mzazi kwa maji ya moto, nani ampikie uji? Binti ni mzazi wa mara ya kwanza na hajui hata kumfunga mtoto nepi. Nilifunga begi: khanga mbili, unga wa ulezi, mafuta, sabuni ya mche. Nikawaambia wateja wangu kwamba nguo zao za Krismasi zitasubiri, na waliokasirika walikasirika.

Alhamisi mchana niko kwenye mashine, simu ikalia. Albamu ya familia ilikuwa imetuletea zawadi. Hakuna aliyeiomba. Ile mashine ya huko juu inakaa inachungulia picha za watu, inachagua sura, inatengeneza kadi inayotaka. Ilikuwa imechukua sura yangu, ile niliyopigwa siku ya ubarikio nikicheka na kitenge changu cha njano, ikaikata. Ikachukua sura ya mkwe wangu, ile aliyopigwa na binti siku ametoka kuoga, taulo shingoni, mabega wazi, meno yote nje. Ikatuweka shavu kwa shavu ndani ya moyo mwekundu, maua yanaanguka, muziki unalia, na chini imeandika: "Nyinyi Wawili: Nyakati Zenu Tamu Pamoja."

Niliigeuza simu kifudifudi juu ya mashine. Mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Nilijipa moyo kwamba nimeiona mimi peke yangu. Haikuwa hivyo. Ilikwenda kwa wote walio kwenye albamu, hata Mwamanyili kwa wazazi wa mkwe, maana shemeji aliwaunganisha nao. Na kama hiyo haikutosha, shemeji akaichukua na kuitupa kwenye grupu la ukoo, akaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Wakaanza. Mmoja akaandika kwamba wanapendezana. Mwingine akauliza harusi lini, atoe mchango. Shangazi yake mume wangu aliyeko Shinyanga, mtu mzima ambaye naamini macho hayamwonyeshi vizuri, akasema ni picha nzuri ya mama na mwanawe, akaiweka kuwa picha yake ya profaili.

Halafu kwenye grupu kukatokea mstari mdogo kwamba mkwe wangu ametoka. Hakuandika neno. Ametoka tu.

Ijumaa asubuhi binti akapiga simu, sauti chini. Akasema, "Mama, baba mtoto hasemi kitu tangu ile picha. Amehamisha nguo zake, analala kwa kaka yake."

"Amesemaje kuhusu mimi kuja?"

"Amesema nikuambie usije kwanza."

Nikamuuliza usije kwanza mpaka lini. Akasema hakumuuliza, anaogopa. Mtoto alikuwa analia nyuma yake, na yeye naye akaanza kulia. Mwanangu ana siku chache tangu ajifungue, Jumatatu mama mkwe wake anaondoka, mume amehama nyumbani, na mimi mama yake nimekatazwa kwenda kwa sababu mashine fulani imeona ninapendezana na mkwe wangu.

Nilimweleza mume wangu. Nilimwomba ampigie mkwe. Akasema neno la ukwe haliendi kwa simu, na kwamba mtu akishahama kwake ameshahama. Nilimwona naye ameumia. Akaenda zamu.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka kwa shemeji. Nilikuta amekaa sebuleni na kaptula, kompyuta mapajani. Mkewe akanipa kiti, akanipa soda, ni mwanamke mzuri yule, sina neno naye. Nikamweleza shemeji yote: mtoto, begi, Jumatatu. Alisikiliza, halafu akatabasamu kama anayemsikiliza mtoto anayeogopa gari moshi.

"Shemeji, ile ni mashine tu," akasema. "Haina akili ya ukwe."

"Na wewe uliyeirusha kwenye grupu," nikamwambia, "unayo?"

Mkewe akaingia jikoni haraka. Nadhani alikwenda kucheka.

Shemeji akasema dunia imebadilika, wenzetu wanakumbatiana na mama wakwe zao uwanja wa ndege na hakuna aliyekufa. Nikamwambia sijamwomba anifundishe kukumbatia, nimemwomba aifute. Akasema kufuta ni dakika moja. Akafuta. Nikamuuliza imekwenda wapi. Akasema imekwenda kwenye pipa. Nikamuuliza na pipa linamwagwa wapi. Hapo akajikuna. Pipa linakaa nayo mwezi mzima, akasema, kwa usalama, maana mtu anaweza kujuta. Na waliokwisha kuishusha kwenye simu zao wanayo, huko yeye hafiki.

"Wingu halisahau, shemeji," akasema, na alilisema kwa kujivuna, kama vile yeye ndiye aliyelizaa.

Nimeishi na watu wengi wa hovyo. Nimeona mlevi, nimeona mwizi wa kuku. Lakini mlevi hajisifii kutapika. Huyu ametuwekea ndani ya nyumba kitu kisichojua kutupa kinachotupwa, kinachomchungulia mtu akitoka kuoga, kisichomtambua mkwe wala mume, halafu anakaa na kaptula yake anakisifu kwa kumbukumbu. Hata punda ana kumbukumbu.

Lakini niandike na hili, maana nimeliona kwa macho yangu. Aliona nimeinuka bila kumaliza soda, akaona aibu. Akachukua simu, akampigia mmoja mmoja kwenye ukoo, akiwaomba waifute. Alitumia muda mrefu. Wengine walimcheka yeye sasa, akavumilia. Shangazi wa Shinyanga alikataa katakata, akasema picha yake haijawahi kupendeza hivyo tangu anunue simu, na kwa nini anamwonea wivu. Kwa hiyo mpaka ninavyoandika, mimi na mkwe wangu tumo ndani ya moyo mwekundu Shinyanga, na sioni nani atatutoa.

Leo tumetoka kanisani, niko nyuma ya jiko nachambua mchicha, nikasikia pikipiki inasimama nje ya minyaa. Halafu ile sauti, ya chini, yenye kukohoa kwanza.

"Mwadila, mayu."

Ndiyo salamu ya mchana kwetu, na mayu ni mama. Khanga ikapanda kichwani yenyewe. Nikaitikia, "Mwadila," nikaangalia mchicha. Nikajua amekuja kumrudisha binti yangu, au kusema ambalo likishasemwa halirudi.

Mume wangu akatoka na kigoda, akakaa katikati, yeye anatuona wote wawili na sisi hatuonani. Mkwe akasema naye, sauti ameipandisha kidogo ili inifikie.

"Baba, mwambie mayu ile picha sikuipeleka mimi."

Mume wangu akasema, "Amesikia."

"Mwambie nilikuwa nimetoka kuoga. Mke wangu alinipiga nikicheka, sikujua inakwenda wapi. Mayu ameniona mabega. Tangu Alhamisi sijui niufiche wapi uso."

Nikapata shida hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, sasa naletewa aibu yake. Nikasema, "Mwambie mabega sikuyaangalia."

"Anasema hakuyaangalia," mume wangu akasema, akiniangalia mimi.

Kwa haki, niliyaangalia. Yalikuwa yamejaa skrini nzima, mtu ungeangalia wapi. Lakini lile halikuwa neno la kupitisha kwenye uzio.

Kisha nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. Nikasema, "Muulize, kama hana hasira na sisi, kwa nini amehama kwake na mwanangu ana mtoto mchanga?"

Sauti ya mkwe ilikuwa ya mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni.

"Sasa baba, mayu akija angelala wapi na mimi nimo ndani? Nyumba ina vyumba viwili. Nilihama ili aikute wazi."

Mume wangu akavua kofia, akaivaa tena. Akamuuliza, "Na lile la asije kwanza?"

"Bafu, baba. Njia ya bafuni inapita mbele ya duka la kaka yangu, ninapokaa mimi. Mayu angepita pale na ndoo, mimi nimekaa. Nikasema nizungushie mabati kwanza. Nilichelewa kupata misumari, nimemaliza jana jioni. Ndiyo nimekuja kumwambia aje."

Niliweka mchicha chini. Mimi watoto wangu wote niliwajifungulia kwa mama yangu, kwa hiyo mama yangu hakuwahi kuja kukaa nyumbani kwa mume wangu, wala mume wangu hakuwahi kumpisha mtu. Na binti yangu amekulia hapa mjini, anajua linki, hajui mume akitoa nguo zake ndani wiki ya uzazi ni heshima ya namna gani. Watu watatu wazima tumesoma heshima tukaiona ni ugomvi, na ile picha ndiyo iliyotusomesha vibaya. Pengine naisingizia. Pengine hata bila picha tungekosea. Lakini sidhani.

Katikati ya hayo shemeji akaingia, na shati la kanisani, akakuta tumekaa hivyo, mmoja nje ya minyaa, mmoja nyuma ya jiko, mwingine katikati na kigoda. Akafurahi. Sijui alielewa nini. Akatoa simu, akaiinua.

"Hii lazima iwekwe," akasema. "Kizazi kijacho kione."

Mume wangu, ambaye katika ndoa yetu nimemsikia akimkemea mdogo wake mara chache mno, akasema, "Weka chini hicho kitu chako." Shemeji akaiweka. Mkwe naye, bila kuinua macho, akasema ana ombi moja kwa wazee: sura yake itolewe huko, na ya mtoto wake isipelekwe mpaka atakapokua aseme mwenyewe kama anataka.

Mimi, mume wangu na shemeji tukaangaliana. Mtoto alishapelekwa. Simu ya binti ilimpeleka yenyewe Jumanne ile ile, akiwa hajakaushwa vizuri. Watu wa Dar es Salaam walimwona mjukuu wangu kabla yangu mimi, na mmoja alishamwekea masikio ya sungura. Shemeji akainama kwenye simu yake, akabonyeza, akabonyeza. Akasema amemtoa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu pipa. Mkwe hakujua kuna pipa, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza.

Nilitaka na mimi nitoke kwenye albamu leo leo. Niligusa mahali pa kutokea, ikaniuliza kama nina uhakika, maana nitapoteza kumbukumbu zangu zote. Ikanionyesha na picha ya mama yangu mbele ya jiko, kunitisha. Ni akili ya mtekaji hiyo. Nikairudisha simu mfukoni. Itabidi nimpeleke mama kwanza stationari wamtoe kwenye karatasi, na stationari leo imefungwa. Kwa hiyo ninavyoandika bado nimo humo, pamoja na dharau yangu yote, na sijui kama mtu aliyemo ndani ana haki ya kudharau. Naona anayo, kidogo.

Kesho naondoka na basi la asubuhi. Mkwe amerudi leo hii na pikipiki kumwambia binti, akabeba unga wa ulezi atangulie nao. Lakini hakuondoka na njaa. Nilichinja jogoo. Mume wangu na mkwe walikula nje, ubavuni mwa nyumba, mimi na mke wa shemeji aliyekuja baadaye tukala jikoni. Ulikuwa ugali wa mtama, kuku wa mchuzi na ule mchicha. Firigisi nilimpelekea mkwe. Shemeji alipata shingo, na nisiseme uongo, ilikuwa na nyama.